Simu Iliyofungwa ya Akina Mama wa Kisorya

Waliokuwepo siku ile namba ya kufungulia inaingizwa ni hawa: Mzee Magesa, mwenye meza ya ufundi wa simu pale Mukendo, mjini Musoma, Nesi Robi, wa zahanati ya kando ya ziwa upande wa Kisorya, Mama Nyabwire, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa huko huko, Dada Wankyo, wa dawati la wateja katika ofisi ya kampuni ya simu, na mimi, Ghati, niliyeshika simu. Hakukuwa na mtu mwingine. Nawataja kwa sababu nyinyi vijana mnaobaki mezani mmekuwa mkiisimulia habari hii kwa namna yenu, na katika masimulizi yenu kila mara naifungua simu peke yangu, kwa boksi, wakati mteja anamalizia chai. Haikuwa hivyo. Sasa nimestaafu, nina muda wa kuwasahihisha.

Nianze mwanzo. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, huko Butiama, na nyuma yangu kulikuwa na watatu. Mkubwa ndiye anayeacha shule, hilo halikuhitaji kikao. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikalima pamba ya watu, na wadogo zangu walipoanza kujitegemea nilishuka Musoma nikawa nachambua dagaa. Mzee Magesa alikuwa fundi redio, na simu zilipoingia mjini akahamia kwenye simu kama mtu anayehama chumba ndani ya nyumba ile ile. Alikuwa mteja wangu wa dagaa. Siku moja akasimama akinitazama nikitoa changarawe kwenye fungu lake, akasema, "Binti, macho hayo unayamalizia kwa samaki?"

Kesho yake nilikuwa mezani kwake. Mishahara sitaieleza, haikuwa na urefu wa kujaza aya.

Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa swali. Kila mteja aliyefika, kabla hajaiweka simu mezani, nilitakiwa nimuulize: kwenu mtandao gani unashika? Nilidhani ni salamu yake tu. Jioni nikamuuliza kwa nini.

"Wewe Mkurya," akasema, naye Mjita, na alikuwa hawezi kupitisha siku bila kunikumbusha, "ukinunua ng'ombe mnadani unauliza kwenu kuna nyasi au huulizi?"

"Nauliza."

"Basi. Simu nayo inakulaga mtandao. Mtu anainunua hapa mjini, mnara uko juu ya kichwa chake, anafurahi. Anafika kwao inakufa njaa. Halafu anakuja kuniambia nimemharibia."

Hili mtalikuta hata leo, msilidharau. Nusu ya simu "mbovu" nilizopokea katika maisha yangu zilikuwa nzima kabisa, zilikuwa tu mahali pasipo pake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Bisibisi ndogo za nyota, kibano, brashi ya meno iliyostaafu kabla yangu, chupa ya spiriti, lenzi ambayo Mzee Magesa aliifunga kwa uzi kwenye msumari ili isitembee, na baadaye boksi la kuflashia, yaani la kuandika upya programu ya simu, lenye kebo nyingi. Boksi lilitupa jina mjini. Wakati huo kampuni zilikuwa zinauza simu za ofa, bei nafuu, lakini simu imefungwa kwa laini ya kampuni hiyo. Ukiweka laini nyingine inakuambia weka laini sahihi. Kulikuwa pia na simu za kutoka nje, mtu ametumiwa na shangazi yake, nzuri kuliko zote mtaani, nayo inataka laini ya nchi ambayo mwenye simu hataiona. Watu waliziita simu zenye kiburi.

Mzee Magesa alikuwa na kanuni zake juu ya kuzifungua. Ya kwanza, mwenye simu awepo. "Mimi sifunguagi simu ya mtu aliyejificha," alisema, na alikuwa akirudisha watu wenye haraka na jasho bila kuwauliza lolote zaidi. Ya pili ilihusu namba za kufungulia. Simu za namna ile zinahesabu makosa: ukiingiza namba isiyo yake mara kadhaa inajifunga moja kwa moja, na hapo hata aliyeitengeneza hana la kufanya. Kwa hiyo kwenye meza yetu namba haikuingizwa na mtu mmoja. Anayesoma habonyezi, anayebonyeza hasomi, na mwenye simu anasikiliza na kurudia kwa sauti. Mafundi wengine walituchekea, wakasema tunaendesha ibada. Mzee Magesa aliwaacha wacheke. Alikuwa fundi asiyejali kuchekwa, na ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuwepo.

Sasa simu yenyewe.

Akina mama wa Kisorya walikuwa wamelima pamba ya pamoja, na kwa mauzo yake wakanunua simu ya zahanati. Walikuwa na sababu. Gari la wagonjwa lilikuwa linatoka mbali, na mjamzito akizidiwa mtu alipanda baiskeli kwenda kuliita. Mwendesha baiskeli akipata pancha, mnajua wenyewe. Wakaja Musoma siku ya ofa, wakachagua simu, wakaijaribu palepale dukani, ikaita vizuri, wakarudi nayo wakiimba. Kwao mtandao wa kampuni ile haukushika hata ukipanda juu ya paa. Uliokuwa unashika ni wa kampuni nyingine. Wakaweka laini ya hiyo nyingine, simu ikawaambia weka laini sahihi. Wakaificha kwenye kabati la dawa muda mrefu, kwa aibu, maana waume zao walikuwa wamewaambia wanunue jembe la ng'ombe.

Kisha zahanati ikapata mama mwenye mimba ya mapacha, mtoto mmoja amekaa vibaya. Nesi Robi akaitoa simu kabatini, akaenda nayo Bunda. Fundi mmoja kule akaanza kubahatisha namba. Akabahatisha mpaka simu yenyewe ikaandika kwamba limebaki jaribio moja. Hapo akamrudishia, akamwambia aende Musoma kwa Magesa.

Alifika mezani akiwa bado na sare, vumbi limefika magotini. Akatueleza yote niliyoeleza hapa. Mzee Magesa alisoma kioo cha simu kwa lenzi, akaiweka chini taratibu.

"Boksi, mzee?" nikamuuliza.

"Boksi haliijui hii, ni toleo jipya. Na sitabahatisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyeifunga aifungue. Mpeleke kampuni."

Nilishangaa. Sisi mafundi tulikuwa tunaiona kampuni kama mwenye nyumba anayedai kodi: unapita mbali. Lakini nilimchukua Nesi Robi tukaenda, na ndipo nilipokutana na Dada Wankyo.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na dawati lake halikuwa na kitu juu zaidi ya kompyuta na glasi ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza Nesi Robi. Nikangoja atuambie kwamba haiwezekani. Akasema inawezekana.

"Kampuni iliiuza simu hii chini ya bei yake," alisema. "Ikaifunga ili muitumie kwetu kwa muda fulani, irudishe kilichopungua. Huo muda kwenu umeshapita. Ukipita, mteja akiomba namba ya kufungulia, anapewa. Bure. Naiombea makao makuu, wanatuma."

"Mbona hatuambiwagi?" nikauliza.

"Hakuna anayekuja kuuliza. Wanapita kwenu kwanza." Alilisema bila ubaya, akiitazama mikono yangu yenye alama za gundi. "Aliyenunua nani?"

"Kikundi," akasema Nesi Robi.

"Jina lililoandikishwa?"

"La mwenyekiti. Mama Nyabwire."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Butiama kwa binti yake. Binti hana simu. Dada, mimi ndiye nesi wake, ndiye nitakayeitumia hii simu. Unaniona nimevaa sare."

"Naiona sare, dada yangu. Ila namba anapewa aliyenunua, mkononi, na yeye mwenyewe akiwepo."

"Nina mama wa mapacha kule."

Dada Wankyo akasogeza glasi ya maji kwa Nesi Robi. "Nikikupa wewe leo, ni vizuri," akasema. "Kesho atakuja mwingine na simu ya mama wa watu aliyoiokota kivukoni, naye atakuwa na maneno mazuri. Nitamjibu nini? Mleteni Mama Nyabwire. Maombi nayatuma makao makuu sasa hivi, yasisubiri. Akifika, namba itakuwa imefika."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimwambia Nesi Robi kwamba yule dada ana moyo wa kompyuta. Nesi Robi akaniambia, "Hapana, ameanza kazi kabla hatujatoka mlangoni. Umemwona anaandika?" Ni kweli, alikuwa anaandika.

Butiama ni kwetu, kwa hiyo nilikwenda mimi, na Nesi Robi akabaki kwa Mzee Magesa. Nilimkuta Mama Nyabwire nyumbani kwa binti yake, anapukuchua mahindi. Nikamweleza.

"Mmeiua," akasema.

"Haijafa, mama. Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na kampuni."

"Si tuliinunua? Mbona tulitoa pesa yetu wakaipokea? Kitu changu anakifungaje mtu mwingine?"

Swali hilo nimeulizwa na mamia ya watu baada yake, na mjue mtaulizwa na nyinyi. Nilitafuta jibu. Mbele yetu wajukuu walikuwa wanafungua ng'ombe kwenda malishoni, nikapata.

"Mama, huyu ng'ombe wa madoa ni wa hapa?"

"Ni wa kuwekewa, tunamtunza tu. Wa mjomba wao."

"Maziwa anakunywa nani?"

"Hawa watoto."

"Wanaweza kumpeleka mnadani?"

"Wana wazimu? Mpaka azae yule ndama wa mjomba, akabidhiwe. Wa pili ndiye wao."

"Sasa kampuni nayo iliwauzia simu nusu kuuza, nusu kuwawekea. Maziwa mnywe, lakini kwenye zizi lao."

Akafikiri, mkono ndani ya mahindi. "Na ndama amezaliwa?"

"Amezaliwa. Dada wa kampuni amesema muda umepita."

"Huyo dada ndiye aliyesema, au ni wewe Mkurya unasema?"

"Ndiye aliyesema."

"Basi twende," akasema, akaomba kanga nyingine ya safari.

Tulimkuta Dada Wankyo amesimama mlangoni mwa ofisi. Namba ilikuwa imefika. Alimwomba Mama Nyabwire kitambulisho, akalinganisha jina, akamtazama usoni, akampa namba mkononi kama alivyosema. Ilikuwa saa yake ya chakula. Badala ya kwenda kula, akauliza kama anaweza kuja kuona inavyoingizwa, kwa sababu jaribio ni moja na yeye ndiye aliyeiombea. Tukatembea wote mpaka Mukendo.

Mzee Magesa alikuwa ametuandalia viti. Akatupanga: Dada Wankyo asome, mimi nibonyeze, Mama Nyabwire arudie. Nesi Robi hakupewa kazi, akakaa amefumbata mikono katikati ya magoti. Sote tulijua kilichokuwa mezani. Nikikosea, simu inabaki tochi, na yule mama wa mapacha anabaki na baiskeli.

Nikaishika simu. Mzee Magesa akaniwekea kidole juu ya mkono.

"Namba ni nzuri," akasema. "Vidole ni vizuri. Vitufe je?"

Sikuelewa. Akaniambia nitoke kwenye ukurasa ule, nifungue ujumbe mtupu, tuiandike namba yote pale kwanza, kwenye ujumbe, mahali ambapo kosa halihesabiwi. Dada Wankyo akasoma, nikabonyeza, Mama Nyabwire akarudia kwa sauti ya kanisani. Tulipomaliza, Mzee Magesa akaichukua lenzi akasoma kioo. Nane ilikuwa imejiandika mara mbili. Niliibonyeza mara moja, Mama Nyabwire aliitaja mara moja, na pale kwenye kioo ziko mbili.

Simu ilikaa kabatini na dawa, unga wa vidonge na unyevu wa ziwa vikaingia chini ya kitufe. Namba sahihi kutoka makao makuu, aliyeileta sahihi, mwenye simu sahihi, na bado tungeiua.

Tuliifungua kwa bisibisi. Nikasafisha chini ya vitufe kwa brashi na spiriti, nikakausha, nikarudisha. Tukajaribu tena kwenye ujumbe. Nane moja. Tukajaribu tena. Nane moja. Dada Wankyo akauliza kwa upole kama anaweza kuiona ya tatu, na Mzee Magesa akamtazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu wa ofisini. Tukafanya ya tatu.

Ndipo tukaingia kwenye ukurasa wenyewe. Dada Wankyo alisoma tarakimu moja moja, hakuharakisha. Nilipofika mwisho, Mzee Magesa akasema aliyeinunua ndiye amalizie, nikamwonyesha Mama Nyabwire kitufe. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akakishikilia kama mtu anayetia saini.

Simu ikafikiri. Kisha ikaandika kwamba imefunguliwa.

Nikaweka laini ya kampuni ile nyingine, ikashika. Nesi Robi hakushangilia. Aliomba simu, akampigia dereva wa gari la wagonjwa palepale, akajitaja, akamwambia aihifadhi hiyo namba. Akamtajia kijiji, akamtajia na yule mama. Alipokata, akafunika uso kwa kiganja.

"Sasa ni yetu?" Mama Nyabwire akamuuliza Dada Wankyo.

"Ni yenu, mama. Mtaitumia kwa mtandao wowote."

"Hata wa wapinzani wenu?"

"Hata wa wapinzani wetu."

"Na wewe hukasiriki?"

"Muda wetu umeisha, mama. Nikasirike kwa nini?"

Mimi ndiye niliyesema ana moyo wa kompyuta. Nilipomwona anarudi kazini bila kula, anatembea haraka juani asichelewe, nilimwambia Mzee Magesa kwamba nimekutana na fundi mwingine. Akasema hata yeye.

Mama wa mapacha alishikwa uchungu wakati wa mvua. Simu ikapigwa, gari likaja, akajifungulia Bunda hospitali, watoto wawili, wote wazima. Dereva alisema njia ilikuwa matope matupu na baiskeli isingefika hata lami.

Hapo ndipo akina mama wakaja Musoma na beseni la sato waliokaushwa, wakubwa, wamefunikwa majani, na kuku juu yake. Walipitia mezani kwetu niwapeleke kwa Dada Wankyo. Aliwapokea vizuri, akawauliza habari za watoto, akawauliza majina yao. Beseni lilipofunuliwa akasimama.

"Mama, siwezi kupokea."

"Huli samaki?" Mama Nyabwire akamuuliza.

"Nakula sana."

"Basi umeona hawatoshi."

"Wananitosha mwezi mzima. Kampuni hairuhusu tupokee kitu kutoka kwa mteja. Hata soda."

"Nani atatuona?"

"Mimi."

"Tukuletee nyumbani."

"Nyumbani pia ni mimi huyo huyo."

Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba huyu amelogwa na waajiri wake. Mama Nyabwire akamnyamazisha. "Binti, unakataa samaki wa watu?"

"Sikatai samaki, mama. Nakataa kufukuzwa. Nikifukuzwa, mwenye simu mwingine atamkuta nani hapa?"

Mama Nyabwire alimwangalia muda mrefu. Ni mtu mwenye kiburi, hakuzoea kurudishiwa beseni. Lakini niliona anamwelewa, na kumwelewa kulimuudhi zaidi.

"Haya," akasema. "Sisi Wajita deni la namna hii halilali nje. Linakaa ndani, linakungoja. Siku utakayoacha kazi ya hawa watu, hiyo ndiyo siku yetu."

"Siku hiyo nitapokea," akasema Dada Wankyo, "na kuku pia."

Samaki wale waliishia mezani kwetu. Mzee Magesa, ambaye hakuwa na kanuni yoyote kuhusu sato, alikula mpaka kichwa.

Tangu hapo tulibadilisha kazi yetu. Simu ya ofa ikija, tuliuliza kwanza kama muda wake umekwisha, na kama umekwisha, tulimwelekeza mteja kwa Dada Wankyo badala ya kuitoboa kwa boksi. Tulipoteza wateja, tukapata watu. Alipohamishiwa Bunda, nilikuwa nawatuma huko. Alipohamishiwa mbali zaidi alinifundisha maneno ya kuandika kwenye maombi ili makao makuu wasiyarudishe, na ndiyo maneno ninayowaachia nyinyi. Mzee Magesa alifariki baada ya miaka mingi, lenzi yake ikiwa bado kwenye msumari. Siku hizi simu zinajifunga kwa mkopo, mtu amechelewa kulipa na kioo kinageuka ukuta, na maswali ni yale yale ya Mama Nyabwire. Wajibuni kwa subira. Mwulizeni mtu kwao mtandao gani unashika. Na namba yoyote, iandikeni kwanza mahali ambapo kosa halihesabiwi.

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Wiki niliyoacha meza, simu yangu iliita, ni Mama Nyabwire, sauti imezeeka, lakini bado haisalimii kwanza.

"Nasikia umeacha kazi."

"Nimeacha, mama."

"Na yule wa kampuni?"

"Bado yupo kazini."

"Hajachoka?"

"Hajasema."

Akashusha pumzi ndefu kwenye simu. "Mwambie asikawie sana. Mimi sirudi kuwa msichana."

Nilimpigia Dada Wankyo, nikamfikishia. Alicheka, kisha akaniuliza kama sato wa siku hizi bado ni wakubwa kama wale. Nikamwambia wamepungua. Akasema atawapokea hao hao waliopungua, siku yake ikifika.

Haijafika.